Kuni Nilizorudisha

Mwanangu Skola,

Leo mchana nimekufokea mbele ya shangazi yako mpaka mwiko ukanitoka mkononi ukaangukia kwenye majivu. Umeondoka hapa kwenda Milanzi kuaga watu, macho yamekuvimba, na najua njia nzima unajiuliza mama amepatwa na nini, siku yako ya mwisho nyumbani, kwa neno dogo kama lile. Si neno dogo. Nimekaa kibarazani nakuandikia kabla hujarudi, kwa sababu nikikuona usoni nitafoka tena, na anayestahili kufokewa si wewe.

Ulisema hivi, nakukumbusha: "Wasukuma na ng'ombe wao ndio walioua kazi ya mama kule msituni." Ukacheka, na shangazi yako akacheka. Halafu ukalipigapiga begi lako, lenye lile daftari langu la jalada jekundu, ukasema ukifika chuoni utamkabidhi Daktari mkononi, maana ameandika mwenyewe kwamba anatunga kitabu na anazitaka hesabu za Mama Skola. Ukasema kwa maringo, kama mtu anayepeleka mahari.

Sasa sikiliza, na usiruke mistari. Mambo ya sabuni, ya blanketi, ya kutompa mtu usiyemjua akushikie begi, baba yako ameyasema tangu Jumatatu na kesho atayasema tena. Mimi nina moja tu. Daftari lile ni la uongo kuanzia katikati mpaka mwisho, na mwongo ni mimi.

Ulikuwa darasa la tatu. Baba yako walikuwa wamempunguza kazini pale ghala la serikali, yeye na wenzake wote wa zamu yake, kwa karatasi moja iliyobandikwa mlangoni. Ndiyo miaka ile kila kitu ruksa. Wafanyabiashara wakaja na malori yao kununua mahindi mpaka shambani, mitumba ikatundikwa kila kona ya soko, na baba yako akakaa na redio yake kwenye kigoda akisubiri aitwe tena. Nilimwambia, baba Skola, hawakuiti. Akanijibu nisimkatishe tamaa. Mwaka mzima! Mimi nikapika pombe ya ulezi na kupanda milima ya Mbizi kutafuta kuni msituni, na kwa kuni hizo ndivyo Daktari alivyonipata. Alikuja sokoni akauliza ni nani anayejua miti iliyoanguka msituni imelala wapi. Akina mama wakaninyooshea kidole huku wanacheka.

Hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa wa wadudu, tena si wadudu wote, mbawakawa tu, na katika mbawakawa ni wale wanaoishi kwenye miti iliyokufa. Watoto wa hapa mtaani Izia walimwita Daktari Dudu, na wewe ulikuwa mmojawao, usijifanye umesahau. Alitaka magogo ya mti wa aina moja, yakatwe urefu mmoja, urefu wa mkono wangu kutoka begani, kisha tuyapange marundo. Madogo, ya kati na makubwa. Mengine tuliyaweka kwenye uwazi ule wa mteremkoni unaopigwa na jua kutwa, mengine ndani kabisa kwenye kivuli na baridi. Juu ya kila rundo tulifunga shuka jeupe lenye chupa ya spiriti pembeni, ili mdudu akitoka kwenye gogo na kufuata mwanga aangukie humo. Kazi yangu ilikuwa kupanda kila wiki, kukusanya chupa, kuwatenga wadudu aina kwa aina, na kuchora mistari daftarini.

Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema anatafuta nguvu. Nikamwambia, nguvu gani, mti umeshakufa? Akacheka, akasema, "Mama Skola, jua lote ambalo mti huu umelila tangu ulipoota bado limo humu ndani. Kile kinachochemsha pombe yako ndicho kinachomlisha mdudu. Nataka kujua nguvu ikiwa nyingi, wanaongezeka wadudu wale wale, au zinaongezeka aina?"

Nilirudi nyumbani nikiliwaza swali hilo, na nakwambia ukweli, tangu nitoke shuleni hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali nikalala nalo. Na jibu nililiona mimi kabla yake. Si kwa kusoma, kwa kuangalia. Ni kama sinia la ugali kwenye msiba. Ugali ukiwa kidogo, wenye mikono mirefu wanamaliza na mnyonge anarudi kwao na njaa. Ukiwa mwingi, hata yule anayechagua, hata kikongwe asiye na meno anayetaka laini ya katikati, anapata chake. Marundo madogo yalitoa wale wale wenye mikono mirefu. Rundo kubwa la juani, mwaka wa pili, likaanza kutoa wageni. Nikawapa majina, maana Daktari majina yake hayatamkiki. Pembe-ndefu. Bibi Unga, yule anayeacha vumbi kama unga wa muhogo. Fisi, ambaye hali mti kabisa, anakula wenzake, na huyo huwezi kumpata mpaka wenzake wawe wamejaa.

Na wapo waliotaka kuni iliyokwisha kuliwa na wengine. Hilo sikuhitaji kufundishwa na mtu. Sisi tumezaliwa kwenye intumba, matuta yetu ya kuozesha nyasi. Unafukia nyasi chini ya tuta, msimu wa kwanza linabeba maharage na maboga, msimu unaofuata unalitawanya, unapanda ulezi, na zile nyasi bado zinalisha. Kitu kikioza, kila anayekuja anakikuta kwa hatua yake. Daktari nilipomweleza hivyo aliandika kila neno langu. Mimi, mpika pombe, mtu na digrii zake ananiandika! Nilivimba kichwa, Skola. Nataka ujue kwamba nilivimba, kwa sababu ndicho kilichoniponza baadaye.

Ikaja masika ya mwaka ule ambao mvua haikukata wiki tatu. Nilikuwa na pombe jikoni, mapipa mawili, imefika pale ambapo moto ukizimika inachacha na unamwaga yote. Uchaga wa juu ya jiko mtupu. Kuni za jirani zote zimelowa, zinatoa moshi na machozi. Nikasimama mlangoni nikawaza lile rundo kubwa, lililofunikwa shuka na turubai dogo, kavu tangu kiangazi. Kuni ni kuni, nikasema. Unajua desturi yetu, wewe mwenyewe nimekutuma mara ngapi: mwenzako ameishiwa, anachukua kwenye lundo lako, kesho kutwa anarudisha mzigo wa kimo kile kile, na hakuna anayemwita mwizi. Nikaenda kuazima. Ndivyo nilivyojiambia, nakwenda kuazima.

Nilishusha mizigo mitatu ya kichwa. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, hapa hapa, usiitafute kwingine. Nilipolipasua gogo la kwanza pale uani, walimwagika funza. Weupe, wanene, wamejikunja. Si wa aina ninayoijua. Walikuwa watoto wa wale wageni, wale wanaokaa humo miaka kabla ya kutoka. Nilijua. Nilisimama na shoka mkononi nikajua kabisa ninachokiona, nikageuka nikatazama pipa, nikatia kuni motoni. Walipasuka kwenye makaa, pa, pa, pa. Wewe ulikuwepo. Uliniuliza, "Mama, nini kinalia?" Nikakwambia ni utomvu.

Pombe ilitoka nzuri sana. Watu waliisifu mpaka Jumapili.

Mvua ilipokata nikafanya uungwana. Nilikata magogo ya mti ule ule, urefu ule ule, nikayapanga juu ya uchaga, juu ya moshi, wiki nne, mpaka yakawa mekundu na makavu yanagonga kama chuma. Nikayapandisha kichwani nikarudisha, nikayaweka chini kwenye rundo, ya zamani juu yake, nikafunga shuka. Nikajipangusa mikono. Nilirudisha kuni bora kuliko nilizochukua! Mwanamke yeyote wa mji huu angenishukuru. Ala, mjinga mimi! Mbegu ya mahindi tunaitundika wapi ili isibunguliwe? Juu ya moshi. Najua tangu sina meno kwamba kilichopita kwenye moshi mdudu hakitaki, na nikayachukua magogo ya moshi nikawapelekea wadudu. Ubora wangu ulikuwa wa jikoni. Kule hakukuwa jikoni.

Chupa zikaanza kuja nusu tupu. Wageni wakapotea. Fisi akapotea wa kwanza, halafu Bibi Unga, wakabaki wale wenye mikono mirefu tu kama kwenye marundo madogo. Mwanzoni niliandika kama nilivyoona. Halafu nikaogopa mistari inavyoporomoka, nikaanza kuongeza hapa mmoja, pale wawili, ili isionekane imeanguka ghafla. Kwa hiyo daftari lako hilo lina uongo wa aina mbili, uongo wa rundo na uongo wa kalamu, na hata mimi leo siwezi kukutenganishia mistari. Nimejaribu. Siwezi.

Daktari akaja. Akaangalia, akageuza kurasa, akakuna kichwa. Akasema, "Mama Skola, rundo kubwa limefanya nini?" Alinitazama kwa heshima, kama mtu anayemuuliza mwenzake. Angenitazama kama kibarua ningesema kweli, ningepiga magoti na kulia na angenifukuza, basi. Lakini alinitazama kama mtu ajuaye. Pale chini kwenye tope palikuwa na nyayo za ng'ombe, maana ng'ombe wa Masanja, yule mfugaji Msukuma, walipita njia ile kwenda kunywa maji. Akaziona. Akasema, "Ng'ombe?" Nami nikasema, "Labda."

Neno moja. Sikusema ndiyo. Nimejificha nyuma ya hilo labda miaka yote hii, mwanangu, nikijiambia sikusema ndiyo.

Daktari aliripoti kwamba mifugo imeharibu marundo. Na hao wakubwa wa serikali waliokuwa wakitafuta sababu ya kuwaondoa wafugaji siku nyingi wakaipata. Wakaja na mgambo. Familia ya Masanja ilikuwa pale ukingoni mwa msitu tangu watoke kwao huko kaskazini, wanalima kipande chao, hawana ugomvi na mtu. Walipewa siku chache. Kulwa, mtoto wao, ulikuwa unasoma naye dawati moja. Ulilia, uliniuliza mbona Kulwa ameondoka bila kuaga, nikakujibu, "Wafugaji ndivyo walivyo, hawakai mahali." Mimi nilikujibu hivyo! Kwa hiyo leo uliposema vile na kucheka, hukusema la kwako. Ulitema nilichokulisha. Na shangazi yako akacheka kwa sababu mji mzima nimeulisha.

Walishuka bondeni. Ng'ombe wengi wakaisha kwa mbung'o njiani na huko walikofika. Haya sikuyasikia kwa watu, aliniambia Mama Kulwa mwenyewe, sokoni, mwaka jana. Nilikuwa napita, nasikia mtu anaita, "Mama Skola! Mama Skola wee!" Amekaa na gunia la mchele, amekonda, anacheka kwa meno yote. Akaniuliza habari zako. Kulwa amesimama pembeni, akapiga goti, "Shikamoo mama." Nikaitikia. Mama Kulwa akanipimia kisado, akaongeza kikombe juu, na kingine juu ya kile, akakataa hela yangu, akasema, "Wewe ulitupatia kuni mwaka ule tulipofika hatuna kitu." Akanisimulia ng'ombe walivyokufa. Akasema mumewe sasa analima vibarua kwenye mashamba ya watu. Akasema, "Sijui tulimkosea nani, Mama Skola." Na mimi nimesimama na mchele wake mkononi.

Nikaupokea. Nikaja nao hapa nikaupika, tukaula, na wewe ukasema ni mtamu. Tangu siku ile, kila Jumanne ya soko napitia upande wa pili ili asinione. Mtu mzima, najibanza nyuma ya nguo za mitumba!

Sasa unaona kwa nini mwiko ulinitoka. Nina hasira na baba yako na redio yake. Nina hasira na wale waliobandika karatasi mlangoni, na waliokuja na mgambo bila kuuliza hata swali la pili. Nina hasira na Daktari, msomi mzima, anaona nyayo na anaacha kulitazama gogo. Angelinusa tu angesikia moshi! Lakini nikiwazunguka wote hao narudi pale pale uani, na shoka, na wale funza.

Skola, huko unakokwenda utafundishwa kuhesabu vizuri kuliko mimi. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni siku utakapoulizwa swali na mtu unayetaka akuheshimu, na jibu la kweli litakufanya uonekane mpumbavu. Hawatakwambia kwamba inakuja. Itakuja ukiwa umechoka, na mtu atakuwa ameshakutolea jibu jingine, rahisi, liko pale chini kwenye tope, unatakiwa kuitikia tu. Mimi niliitikia. Sina dawa ya kukupa, kwa sababu nilishindwa, na aliyeshindwa hafundishi. Nakusimulia tu ilivyo ndani yake.

Na jingine. Watu wa huko watakwambia mti mfu ni takataka, usafishwe, usombwe. Tayari malori yanapanda Mbizi kusomba kila kilicholala, na wenye malori wanasema utafiti ulionyesha kuni nyingi haziongezi kitu. Utafiti upi? Huu wangu! Moshi wangu ndio uliosema hivyo. Rundo lenyewe, kabla sijaligusa, lilikuwa limeanza kusema kinyume, na kurasa za mwanzo za daftari zinaonyesha. Zile ni za kweli. Nusu ya kwanza naiapia.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyofanya leo, ulipokuwa Milanzi. Nimefungua begi lako bila ruhusa, usinisamehe kwa hilo kama hutaki. Nimelitoa daftari. Nimefika kwenye ukurasa wa wiki ile ya mvua nikaandika kwa kalamu ya wino, kwa Kiswahili kilichonyooka: kuanzia hapa si kweli, nilichoma magogo ya rundo kubwa, nikarudisha ya moshi, nikadanganya hesabu, ng'ombe hawakuhusika. Nimeweka jina langu lote, la ubatizo na la baba yangu. Halafu nimelirudisha begini chini ya kanga. Mpe Daktari. Mpe mkononi kama ulivyopanga, na umwache asome ukiwa umesimama pale. Atakasirika. Huenda akakutazama vibaya, na masomo yako yataanza na aibu ambayo si yako. Najua. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kimeuma, na bado nakutuma. Chukia, una haki. Mimi ningekuwa wewe ningechukia.

Kilichobaki ni changu, sikutumi wewe. Kesho asubuhi sitakuja stendi. Baba yako atakusindikiza, atakubebea begi. Lori la bondeni linaondoka saa ile ile ya basi lako, nimeshaongea na dereva. Ukichungulia dirishani utawaona mama wengine wanalia na kupunga vitambaa, na wa kwako hayupo. Najua itakuuma, nami inaniuma hivi ninavyoandika, maana nimeingoja safari yako hii kuliko wewe. Lakini nikija stendi nitalia, nitarudi nyumbani nimechoka, nitasema wiki ijayo, na wiki ijayo ndiyo nimekuwa nikiisema tangu ukiwa shule ya msingi.

Nakwenda kwa Mama Kulwa. Nitamwambia mbele ya mumewe, na Kulwa asikie. Sijui watanijibu nini. Ng'ombe siwezi kuwarudishia, na safari hii sina mzigo wa kimo kile kile wa kupeleka. Wakinifukuza, nitafukuzwa mchana watu wakiona, kama walivyofukuzwa wao.

Mama yako